Ombi la Kung'olewa Breki ya Injini Kwenye Chumba-na-Sebule

Egesho la malori, juu kabisa ya mteremko.
Nimekaa kwenye kiti cha kukunja.

Kwa Shemeji, Fundi wa Dizeli,
Karakana ya chini, mteremko huu huu.

Shemeji mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUNG'OLEWA, KUZIKWA NA KUSAHAULIWA KWA BREKI YA INJINI ULIYOIFUNGA KWENYE NYUMBA YETU YA MAGURUDUMU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, mikono ikiwa na grisi kama kawaida yako na moyo ukiwa safi. Sisi huku hatujambo wote watatu, ila mmoja wetu hajambo kwa kujikaza kisabuni tu, na huyo ni mimi.

Naandika nikiwa kileleni. Sisemi kilele cha mafanikio, nasema kilele cha mlima. Dada yako ameliegesha gari karibu na kile kibao chenye picha ya lori linaloinama. Mbele yetu barabara inashuka, inapinda, inashuka tena, inapinda kama iliyosahau kitu, mpaka kule chini kabisa naona mabati ya karakana yako yanang'aa. Ungekuwa na macho ya tai ungeniona nakupungia kalamu. Nimeshuka na kiti changu, na nimekataa katakata kupanda tena. Dada yako hakugomba. Amesema sawa, akabandika birika. Chai ikishanywewa, amesema, gari linateremka. Wa kupanda apande, wa kubaki abaki na kiti chake. Shemeji, katika ndoa yetu yote sijawahi kuwekewa mpaka wa namna hiyo, tena mpaka wenyewe chai!

Unajua tulikotoka. Nilipostaafu kufundisha kwaya, au tuseme kweli tupu, kwaya iliponistaafisha ikamchukua kijana mwenye kinanda cha umeme kinachojipigia chenyewe besi na makofi, nilirudi nyumbani na vitu viwili: joho langu jekundu na filimbi yangu ndogo ya kupatia sauti. Nikakaa kwenye kochi nikitazamana na ukuta. Dada yako naye ndiyo kwanza alikuwa amekabidhi funguo za lori la mafuta alilozeeka nalo. Akaniangalia siku ya kwanza, akaniangalia ya pili, akasema mtu akikaa sana anaota kutu, twende tukaone nchi wakati miguu na magurudumu bado vinazunguka. Nawe, kwa moyo wako wa dhahabu, ukachukua basi kuukuu la dizeli ukalitia kitanda, jiko, sinki, kochi na choo. Mama yako alipochungulia ndani akalipa jina papo hapo, Chumba-na-Sebule, akauliza chumba chake ni kipi, na kabla hatujajibu akawa ameshaingiza begi. Mimi nilitoa machozi ya furaha. Wewe ni shahidi, maana uliniazima kitambaa chako nijifute, nikashinda siku nzima na uso mweusi kama sufuria.

Nilidhani umemaliza kutufadhili. Kumbe kwenye dashibodi, upande wa dada yako, umefunga swichi!

Kwa kuwa nakuomba uibandike barua hii ukutani ili wateja wako nao waelimike, wacha nieleze swichi hiyo inafanya nini. Kwenye mteremko mrefu, binadamu wa kawaida hukanyaga breki kwa mguu. Wewe na dada yako mnasema hapana, breki ya mguu ikikanyagwa mlima mzima inashika moto, inanuka, na mwisho inasahau kazi yake. Kwa hiyo juu kabisa, kabla gari halijaanza kushuka, dada yako anarudisha gia mpaka ya pili, anaondoa mguu kwenye mafuta, anabonyeza swichi yako. Huko nyuma kitu kinaziba bomba la moshi. Injini inataka kutoa pumzi, haina pa kuitolea, inajibana, inanguruma, na kwa ubishi wake huo inalishika gari zima lisikimbie. Yaani kwa ufupi mmeikaba koo, halafu mnaisifu kwa kutembea polepole. Mimi ni mtu niliyefundisha watu kutumia koo maisha yangu yote. Mlitegemea ninyamaze?

Sasa malalamiko, kwa mpangilio.

1. Kelele. Siku ya kwanza swichi ilipobonyezwa nilijua injini inakata roho na inatoa wosia. Vikombe kabatini vilianza kusemezana. Meno yangu ya bandia, yaliyokuwa yamepumzika kwenye glasi, yaligeuka polepole yakanitazama. Mama mmoja aliyekuwa anauza nyanya kando ya barabara alitusikia tungali mbali, akafunika nyanya zake kwa khanga, akaingia ndani akafunga mlango. Na si kwamba napinga kelele zote. Nimesimama mbele ya watu wenye mafua wakiimba na sikuwahi kulalamika. Lakini kelele hii, nasema kama mtaalamu, haina ufunguo, haina nyumba, haijulikani inatoka noti gani inakwenda noti gani. Ushahidi wa filimbi nitauleta nikipata nafasi ya kuupima bila kutetemeka.

2. Mama yako. Nilitegemea kwamba kwa umri wake angekuwa upande wangu. Lahaula! Mteremko ukianza tu, anainua mkono pale kochini, anapaza sauti, “Bana, mwanangu, bana!” na injini ikishashika anaachia vigelegele kutoka juu mpaka chini, vyembamba, virefu, bila kupumua. Shemeji, nimefundisha wasichana wa sauti ya kwanza wenye mapafu mapya kabisa, hawakuweza kushikilia pumzi nusu ya hiyo. Mtu huyu huyu akitakiwa kupanda vidaraja vya gari anasema magoti yamegoma. Siku hizi hataki kusinzia kwenye barabara ya tambarare asije akapitwa na mteremko, na tukitembea muda mrefu bila kilima anauliza kwa unyonge kama milima imekwisha. Nikimwambia naogopa kushuka, ananijibu kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, halafu anajipigia makofi.

3. Pazia. Hili nalitaja kwa aibu. Unakumbuka lile pazia la ubavuni ulilotutundikia kwenye pete, ili mtu akibadili nguo asionwe na mkwewe. Nilikuwa nyuma yake nabadili shati. Gari likainama, injini ikajibana, na pazia likateleza lenyewe mpaka mbele, shwaa, kama pazia la ukumbini siku ya tamasha. Nikabaki na fulana yenye tundu kwapani, uso kwa uso na mama yako. Nikalivuta, likarudi mbele. Nikalivuta tena, wapi! Sasa angalia hesabu yake. Kwa breki ya mguu tungeshuka mbio, mteremko ungekwisha mara moja, na aibu nayo ingekwisha. Lakini kwa breki yako tulishuka taratibu mno hivi kwamba mama mkwe alipata wasaa wa kuikagua fulana ile, kuniuliza aliyeinunua ni nani, na kuniahidi nyingine. Heshima ya miaka imeteremka kwa gia ya pili.

4. Taa za nyuma. Hili ni la usalama na nakusihi ulisome umesimama. Dada yako asipokanyaga breki, taa nyekundu za nyuma haziwaki. Gari letu linapunguza mwendo, aliye nyuma hana habari. Nililigundua jambo hili mwenyewe, kwa kuchungulia dirisha la nyuma na kuona pua ya lori la mchanga ikitusogelea na dereva wake akipiga honi kwa viganja vyote viwili. Dada yako anasema dereva mzima aliye nyuma ya gari kubwa mlimani anajua kukaa mbali. Mimi siwezi kukabidhi roho yangu kwa akili za mtu nisiyemjua. Tangu siku hiyo, kwenye kila mteremko tukiwa na gari nyuma yetu nimekuwa nikivaa joho langu jekundu la kwaya, napiga magoti kitandani kwenye dirisha la nyuma, na kupunga mikono yote miwili. Mimi ndiye taa ya breki ya gari hili. Kazi naifanya kwa bidii na hakuna aliyewahi kunishukuru.

4(a). Kwa sababu ya 4, tulisimamishwa na askari wa barabarani. Alikuwa amepewa taarifa, na madereva watatu wasiofahamiana, kwamba kuna nyumba inatembea na ndani yake kuna mzee aliyevaa nyekundu amefungiwa, anapiga kioo akiomba msaada. Akatuhoji mmoja mmoja, pembeni. Dada yako alimwambia ni mume wake. Mimi niliulizwa kama nimepanda gari lile kwa hiari yangu, na kwa kuwa mimi ni mtu mkweli, nilifikiri kwanza kabla ya kujibu. Nafikiri nilifikiri muda mrefu kupita kiasi, maana askari alishaanza kunishika bega kwa huruma. Ikabidi aulizwe mama yako kama ananifahamu. Mama yako akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema sura si ngeni.

Sura si ngeni, Shemeji! Nimemuoa binti yake!

5. Lalamiko hili limefutwa na mama yako, ambaye amekuja hapa na kikombe mkononi, akasoma juu ya bega langu, akaninyang'anya kalamu na kulikata mwenyewe. Lilimhusu yeye na choo cha gari. Anasema mambo ya ndani ni ya ndani, hata kama hiyo ndani ina magurudumu. Na anakusalimu.

6. Mguu wangu wa kulia. Mimi kama abiria wa mbele sina pedeli yoyote, ila mguu haulijui hilo. Dada yako akiacha kukanyaga breki, basi lazima mtu mwingine aikanyage, na mguu wangu umejitolea. Zulia limetoboka. Dada yako akatia kiraka, kiraka kikatoboka, sasa naona bati. Yeye hucheka anasema kwa ninavyokanyaga, ingekuwa pedeli ya kweli tungeshaungua zamani tukabaki harufu. Naomba nifungiwe pedeli. Si lazima iunganishwe na kitu chochote.

7. Hili nilitaka kuliweka la kwanza, mkono ukakataa. Dada yako ameitoa breki hii kwenye gari akaiingiza kwenye ndoa.

Zamani tulikuwa tunagombana kama watu wenye akili zao. Mimi napandisha, yeye anapandisha, tukifika juu mmoja anakanyaga breki ghafla, mlango unabamizwa, kimya, chai, tumepatana. Siku hizi hapandishi. Nikianza tu, anaondoa mguu kwenye mafuta. Haniongezei neno hata moja la kuchomea. Anaendelea na alichokuwa anafanya, na kutoka kooni anatoa sauti moja, ya chini, isiyokatika: mmmmmmm. Si ndiyo, si hapana, na wala hanidharau. Ananishika tu, kama injini inavyolishika gari. Juzi nilianza naye kuhusu kopo la sukari, ambalo mtu amelihamisha kutoka mahali pake, nami nilikuwa nimejiandaa vizuri, nina mifano ya tangu mwaka tuliooana. Mmmmmmm. Nilipofika katikati nikawa najiuliza sukari hasa imenikosea nini. Mmmmmmm. Nilipofika chini nilikuwa nimesimama kabisa, taratibu, bila kuumia, na nikasikia mdomo wangu unamshukuru. Kwa lipi? Mimi niliyekuwa nanyamazisha ukumbi mzima kwa kuinua kidole!

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba koo hilo hilo nililiomba zamani. Tulipokuwa wachumba nilimbembeleza aje kwaya, hata sauti ya pili, hata kwa wiki moja. Alisema masikio yake ni ya kusikilizia injini, haiwezekani kuyagawa. Sijawahi kumsikia dada yako akiimba, si jikoni, si bafuni. Sasa koo limefunguka, na kazi yake ni kunizima mimi.

8. Kutokana na hayo yote, nimefikia uamuzi kama ifuatavyo. Kwa kuwa breki ya injini ipo kwa sababu ya miteremko, na miteremko ipo kwa sababu ya milima, na milima haikuombwa na mtu, basi:

Ung'oe swichi. Ikishindikana, uihamishie karakana yako huku juu, ili tusiwe na sababu ya kuteremka. Hilo nalo likishindikana, mlima usawazishwe. Niko tayari kuwaandikia wanakwaya wangu wa zamani waje na majembe, wasipokuja najua kijana wa kinanda amewazuia. Na kama yote hayo hayawezekani, basi tuishi tambarare. Tutatafuta barabara iliyonyooka, tutaizunguka kwenda na kurudi, mpaka Mungu atuite. Nimelisoma pendekezo hili la mwisho kwa sauti, na mama yako amelia.

Utasema kwa nini nisije nikuambie ana kwa ana. Ndipo tatizo lilipo. Ili barua ya kukataa kushuka ikufikie, lazima mtu aiteremshe. Nilimsimamisha dereva wa lori la saruji nikampa. Akauliza ina nini, nikamweleza, akacheka, akasema mzee, mimi mwenyewe nashuka kwa breki hiyo hiyo mpaka chini. Nikamnyang'anya. Siwezi kuisafirisha hoja yangu mikononi mwa adui. Wa lori la ng'ombe naye vilevile. Wa tatu alikuwa na gari dogo, akasema yeye hukanyaga breki tu mlima mzima, hana shida. Nikafurahi, nikamkabidhi bahasha kwa mikono miwili. Halafu nikasikia harufu iliyotoka kwenye matairi yake, na yeye ndiyo kwanza alikuwa anakuja kutoka kilima kidogo cha nyuma. Nikachukua bahasha yangu polepole, nikamwomba akae apumzishe gari. Mpaka sasa anakunywa chai na dada yako, anafundishwa. Barua na mimi bado tuko kileleni.

Shemeji, niache mzaha kidogo. Naogopa. Si mlima ninaouogopa, ingawa nao nauogopa sana. Kwenye gari hili kila mtu ana kazi yake. Dada yako ana usukani. Mama yako ana furaha yake. Wewe una spana, hata ukiwa hupo unafanya kazi, maana kila kinachozunguka humu umekifunga wewe. Mimi nilikuwa mtu wa kusimama mbele na watu wakaningoja niinue mkono. Sasa nimekaa kiti cha pembeni na mguu unaokanyaga bati. Nikibaki hapa juu, gari halitapungukiwa na kitu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko kelele. Nasikia vikombe vinasuuzwa. Chai imekwisha.

Nikingoja utekelezaji wako wa haraka, nakuomba uwasalimie mke wako na watoto, yule mchomeleaji asiyevaa miwani, mziba pancha, fundi rangi anayejiona msanii, na paka wa karakana anayelala ndani ya rimu. Wote waambie Mwalimu hajambo, ila amekwama.

Ni mimi shemeji yako mtiifu katika kila kitu isipokuwa hiki,

Mwalimu (mstaafu),
Taa ya Breki.

N.B. Barua hii nakupitishia mwenyewe chini ya mlango wa karakana. Tumekuta umefunga, jirani anasema umefuata vipuri. Kwa hiyo soma yote ya juu, halafu usifanye hata moja.

Ilikuwa hivi. Dada yako alisuuza vikombe, akawasha gari, na hakuondoka. Chai imekwisha, injini inawaka, mlango wa upande wangu uko wazi, na yeye ametulia mikono kwenye usukani anatazama mbele. Aliningoja. Nikamwambia wazi kwamba napanda kwa ajili ya kukusanya ushahidi wa lalamiko namba moja na si vinginevyo. Akasema mmm. Nikavaa joho, nikakunja kiti, nikakaa mbele na filimbi mdomoni.

Akarudisha gia ya pili, akaondoa mguu, akabonyeza. Injini ikajibana. Nikapuliza filimbi ili niandike kwamba injini haina noti, na Shemeji, ilikuwa do. Do ya chini, nzito, iliyojaa, imekaa pale pale haitikisiki. Nikadhani filimbi imeharibika nikaikung'uta gotini. Do! Nikageuka kumwambia dada yako, naye wakati huo alikuwa anasikiliza injini yake na anatoa ile mmmmmm yake, na ilikuwa so. Safi, juu ya ile do, kama niliyemfundisha mimi. Kumbe kila siku alikuwa anaimba, mimi nikidhani nazimwa. Halafu kochini mama yako akaachia vigelegele, na nakuapia, sauti ya kwanza ilikuwa imefika.

Sikujua mkono wangu umeinuka saa ngapi. Niliuona uko juu. Sauti ya tatu haikuwa na mtu, nikaingia. Kwenye ile kona pana mteremko unapopungua, dada yako akaingiza gia ya tatu, injini ikahama, nikawaonyesha kwa kidole, na wote tukahama nayo, mama yako akichelewa kidogo kwa makusudi, anajifanya anapamba. Tulishuka mlima mzima hivyo. Mguu wangu haukugusa zulia. Lori la mchanga lilikuwa nyuma yetu, mbali kabisa, halikupiga honi hata mara moja. Yule wa gari dogo alikuwa nyuma ya lori, anakuja polepole kwa gia ndogo kama alivyofunzwa. Tulipofika chini dada yako alijifuta macho akasema ni vumbi. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Kwa hiyo swichi usiiguse. Ila kwenye kona ya mwisho, tukirudi gia ya pili, injini inapanda juu ya noti kwa unywele mmoja, labda kuna kitu cha kukaza au kulegeza huko nyuma, tutazungumza. Pedeli sihitaji tena. Badala yake nifungie kibao cha kuwekea nota, upande wangu, kisiteleze. Kijana wa kinanda ana besi ya umeme. Mimi nina besi ya dizeli.

Tunapanda tena sasa hivi ili tushuke tena, dada yako anasema jua bado lipo na tangi limejaa. Ukirudi ukaiona barua hii, usiingie ndani kwanza. Simama hapo nje utazame mlimani na utege sikio. Wa vigelegele ni mama yako, wa mmm ni dada yako, na sauti ya nne uliifunga wewe kwa mikono yako. Yule mwenye joho jekundu anayepunga mikono dirishani ni mimi, na safari hii siombi msaada.